Canal du Midi kwa baiskeli: si lazima mfike baharini

Swali

"Mimi na mume wangu tumevuka miaka hamsini. Baiskeli tunaendesha mwisho wa wiki kwa raha tu, si wanamichezo. Mwezi Mei tumepanga kwenda Ufaransa kuufuata mfereji wa Canal du Midi, na tuna siku saba za kuendesha. Rafiki yetu aliyewahi kwenda anasisitiza tuanzie Toulouse na tumalizie Sète baharini, kilomita 240, akisema pungufu ya hapo ni kupoteza nauli. Mume wangu anataka tukodi baiskeli za umeme. Mimi nahofia likizo nzima itaishia kwenye kuhesabu kilomita. Unatushauri nini?"

Jibu

Dada, hofu yako ina msingi, nami ningeifuata. Msiuendeshe mfereji wote. Mkifika Toulouse pandeni treni hadi Castelnaudary, anzieni hapo, na mmalizie Béziers. Ni kilomita 143 hivi, na nitawaongezea nyingine 26 siku ya kwanza kwa sababu nitakayoieleza. Mkifika Béziers na bado mna hamu ya kuiona bahari, treni itawafikisha Sète kwa nusu saa hivi.

Rafiki yenu amegawa 240 kwa saba akapata 34, na kilomita 34 kwa siku hazionekani kuwa nyingi. Shida iko chini ya tairi. Ramani huchora mstari mmoja kutoka Toulouse hadi Mediterania, na anayeitazama akiwa nyumbani huamini kwamba njia ni ileile mwanzo hadi mwisho. Sivyo hata kidogo. Kutoka Toulouse hadi karibu na Port-Lauragais, kama kilomita 50, mnateleza juu ya lami. Mkiutoka mkoa wa Haute-Garonne na kuingia Aude, lami inakwisha. Kuanzia hapo ni changarawe na udongo ulioshindiliwa, na kuna vipande ambavyo ni kinjia chembamba kisichopitisha baiskeli mbili sambamba, mizizi imekikatiza kila baada ya hatua chache. Baadhi ya sehemu zimetengenezwa miaka ya karibuni, hasa karibu na miji, lakini msipange safari kwa kutegemea hizo.

Kwenye lami mtu wa kawaida mwenye mizigo huenda kilomita 15 kwa saa bila kujitesa. Kwenye mizizi na changarawe hushuka hadi 10, na mikono huchoka kabla ya miguu. Kilomita 34 za namna hiyo ni saa tatu na nusu juu ya tandiko, hapo hujahesabu chakula, jua, pancha, wala kila lango la maji (chumba chenye milango ya kupandishia na kushushia boti) mtakalotaka kusimama kulitazama. Wanaotaka kuumaliza mfereji wote kwa wiki moja huacha kusimama kuanzia siku ya tatu. Nimeona wengi wakipita sehemu nzuri kuliko zote wakiwa wameinamisha vichwa, wanatazama mizizi.

Sababu yangu ya pili ni maji yenyewe, na hii ndiyo iliyonifanya niwachagulie kipande hiki na si kingine. Ukiutazama mfereji huu juujuu unaweza kudhani ni mto uliotulia, wenye miti kandokando. Lakini mto huteremka tu, ilhali huu unavusha kilima. Boti inayotoka Toulouse hupandishwa lango baada ya lango hadi Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, kisha hushushwa upande wa pili hadi Mediterania. Kila lango linapofunguliwa, maji ya juu hushuka chini: ya upande mmoja huelekea Atlantiki, ya upande mwingine Mediterania. Kwa hiyo pale kileleni lazima pawepo maji mapya kila siku, hata katikati ya kiangazi. Wazo la kuziunganisha bahari hizo mbili lilizungumzwa kwa miaka mingi na wafalme mbalimbali, na kila mara lilikwama kwenye swali hilohilo: maji ya kileleni yatatoka wapi?

Aliyelijibu hakuwa mhandisi wa kusomea. Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi. Kazi hiyo ilimzungusha katika nchi yote ya Languedoc, naye akaijua milima ya Montagne Noire, iliyo kaskazini mwa Naurouze, ambako mvua hunyesha kwa wingi. Alipendekeza vijito vya huko vikusanywe kwa mitaro, maji yahifadhiwe kwenye bwawa kubwa, kisha yaletwe Naurouze taratibu kwa kufuata mteremko. Mfalme Louis XIV alitoa amri ya ujenzi mwaka 1666, waziri wake Colbert akiusimamia mradi kwa jicho kali. Ukuta wa bwawa la Saint-Ferréol ulijengwa kati ya 1667 na 1672, na hadi leo bwawa hilo linaulisha mfereji. Kazi ilipopamba moto vibarua walifikia kama 12,000, wanawake wengi wakiwamo. Riquet aliwalipa mshahara wa mwezi, na hawakukatwa kwa siku za mvua wala za ugonjwa, jambo la nadra sana zama zile. Aliingiza mali yake mwenyewe katika mradi, akafa Oktoba 1680 akiwa na madeni mazito. Mfereji ulifunguliwa Mei 1681. Aliukosa kwa miezi michache.

Ndiyo maana siku ya kwanza nataka mwache mizigo Castelnaudary, mrudi magharibi kilomita 13 hadi Naurouze, kisha mgeuze. Hamtakuta kasri wala duka la kumbukumbu la kifahari. Mtakuta mtaro mwembamba unaoingia chini ya miti bila kelele, ukileta maji ya milimani, na mahali ambapo maji hayo hugawanyika. Palikuwa na bwawa la pembe nane lililojengwa enzi za Riquet, likajaa tope na kuachwa. Leo ni uwanda wa majani unaokatwa na safu mbili za miti mirefu. Karibu yake uko mnara ambao wazao wake walimjengea katika karne ya 19. Fuateni ule mtaro kwa miguu robo saa hivi. Mkishaelewa kinachofanyika pale, kila lango mtakalolipita hadi Béziers litakuwa na maana, kwa sababu mtajua maji yake yametoka wapi na yamegharimu nini. Anayekuja mbio kutoka Toulouse hufika Naurouze amechoka, anatafuta kivuli na chakula, na hupita.

Castelnaudary yenyewe ina bwawa kubwa katikati ya mji, la hekta 7. Wageni hulipiga picha wakidhani lilichimbwa kwa ajili ya urembo au kuegesha boti tu. Liko pale kuhifadhi maji ya kuyalisha malango manne yaliyofuatana ya Saint-Roch, yaliyo mara baada yake. Kaeni ukingoni mtazame boti ikishushwa. Mtagundua kuta za lango zimepinda kwa nje, umbo la yai. Lango moja la mwanzoni lilijengwa na kuta zilizonyooka, zikaporomoka kwa msukumo wa udongo. Riquet akaamua kuzipinda zihimili uzito, na umbo hilo likawa alama ya mfereji mzima. Usiku huo mtakaribishwa cassoulet, maharage meupe yaliyopikwa polepole kwenye chungu pamoja na bata na nyama ya nguruwe. Ni chakula kizito. Kama hamli nguruwe, semeni wakati wa kuagiza meza, si baada ya kukaa.

Kutoka Castelnaudary hadi Carcassonne ni kilomita 40, na hii ni mojawapo ya siku zenu mbili ndefu. Njia ya hapa ni tulivu, mashamba pande zote mbili. Katikati kuna Bram, kijiji ambacho nyumba zake zimejengwa kwa duara kulizunguka kanisa, na kina stesheni ya treni. Mkihisi mmechoka, pandeni treni hapo bila aibu yoyote. Hadi Carcassonne reli inaufuata mfereji kwa karibu, na kwangu mimi hilo ndilo jambo linalokifanya kipande hiki kiwafae watu wasio wanamichezo: ukiharibikiwa, ukinyeshewa au ukichoka, stesheni haiko mbali. Baada ya Carcassonne reli hujitenga na mfereji hadi karibu na Béziers.

Carcassonne pumzikeni siku nzima. Sina mengi ya kusema juu ya ngome yake, kila kitabu cha utalii kimeieleza. Nendeni asubuhi mapema kabla mabasi hayajafika. La kuujua mfereji ni kwamba katika karne ya 17 mji ulikataa kuchangia gharama, Riquet akaupitisha mbali na kuta zake. Ulisogezwa na kupita mjini baadaye sana, kazi ikikamilika mwaka 1810.

Sasa niwaambie jambo ambalo picha nyingi mtandaoni zinaficha. Zile picha za miti ya platani iliyopinda juu ya maji na kufanya kivuli kizito mwendo wote, nyingi ni za zamani. Mfereji ulikuwa na platani zipatazo 42,000, nyingi zilizopandwa karne ya 19. Mwaka 2006, karibu na Trèbes, uligunduliwa ugonjwa wa kuvu usio na tiba. Kuvu huyo husafiri ndani ya maji na huingia kupitia majeraha ya mti, na mizizi ya miti hii imeshikana kandokando ya mfereji mzima. Mti ukiugua hukatwa na kuchomwa, pamoja na majirani zake. Zaidi ya 25,000 zimeshakatwa. Inaaminika kuvu huyo aliingia Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndani ya masanduku ya mbao ya risasi ya jeshi la Marekani. Shirika linalousimamia mfereji, Voies navigables de France, linapanda upya, safari hii likichanganya aina mbalimbali ili ugonjwa mmoja usije ukaimaliza safu yote tena.

Kwenu hili lina maana mbili. Ya kwanza ni jua: baada ya Carcassonne, kupitia Trèbes na Marseillette, mtapita sehemu ndefu ambazo miti yake bado ni michanga. Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, kila mmoja na lita mbili za maji, na kofia chini ya helmeti. Ya pili: msifunge baiskeli kwenye mti wa platani kwa mnyororo, wala msiiegemeze ikakwaruza gamba. Boti zimekatazwa kufungwa kwenye miti kwa sababu hiyohiyo. Inauma kuona visiki vile, sitaficha. Lakini miche iliyopandwa mwanzoni imeshaanza kutoa kivuli, na kuiona kazi hiyo ikiendelea ni sehemu ya kuujua mfereji ulivyo leo.

Carcassonne hadi Homps ni kama kilomita 40 nyingine. Mkiona ni nyingi, laleni Marseillette, kilomita 22 kutoka Carcassonne, na mfidie siku ya pili yake. Ikinyesha, udongo wa sehemu hii hugeuka tope linalonata kwenye breki na matairi hadi gurudumu lisizunguke. Msishindane nalo. Barabara ndogo za vijijini, katikati ya mizabibu ya Minervois, zina magari machache na huwarudisha mferejini kilomita chache mbele.

Kuanzia Homps punguzeni mwendo hadi nusu. Hapa ndipo ningependa mtumie siku zenu. Baada ya kijiji cha Argens, kilomita 7 mbele ya Homps, mnaliacha lango, na hamtakutana na jingine kwa kilomita 54 hadi mlangoni mwa Béziers. Ni kimo kimoja cha maji kwa kilomita 54. Ili kufanikisha hilo wajenzi waliufuata ubavu wa kila kilima, ndiyo maana mfereji unajipinda na kujikunja hadi mnaweza kuuona mnara wa kanisa la Capestang mbele yenu, kisha kulia, kisha mbele tena, kabla hamjaufikia. Anayehesabu kilomita hukasirika hapa. Lakini kila kona ni jibu la swali moja la wajenzi: tupite wapi bila kupanda wala kushuka hata mita moja, kwa vipimo vya karne ya 17?

Pale ilipowalazimu kuvuka kijito, walijenga daraja linalobeba mfereji wenyewe. La Répudre, karibu na Paraza, ni la 1676, kazi ya wakati wa Riquet, na ni daraja la kwanza la namna hiyo nchini Ufaransa. Mkiwa juu yake huenda msiligundue. Tafuteni njia ya kuteremka kando mlitazame kwa chini, boti ikipita juu ya kijito. Mengine, kama la mto Cesse mbele kidogo ya Le Somail, yaliongezwa baada ya Vauban, mhandisi wa ngome za mfalme, kuukagua mfereji mwaka 1686 na kuona kwamba vijito vilivyoachwa viingie ndani yake vilikuwa vinaujaza mchanga.

Laleni Le Somail. Ni kijiji kidogo kilichozaliwa na mfereji: daraja la mawe lenye mgongo, kikanisa, na nyumba za wageni palipokuwa kituo cha boti za abiria zilizovutwa na farasi. Kuna duka kubwa mno la vitabu vya kale, na watu huingia wakidhani watatoka baada ya dakika kumi. Siku inayofuata ni kilomita 22 tu hadi Capestang. Thomas Jefferson alipita njia hii Mei 1787, kabla hajawa rais wa Marekani. Aliliweka gari lake la farasi juu ya boti, magurudumu yametolewa, akawa anashuka mara kwa mara kutembea ukingoni, na aliandika kwamba katika aina zote za usafiri alizojaribu, huu ulimpendeza kuliko wote. Nanyi mtakuwa huko Mei.

Siku ya mwisho, Capestang hadi Béziers, ni kilomita 20 na ndiyo nzito kwa mambo ya kuona, kwa hiyo ianzeni mapema. Baada ya Poilhes mtafika kilima cha Malpas. Hapa mfereji unaingia chini ya ardhi kwa zaidi ya mita 160, katika handaki la 1679, la kwanza duniani kuchimbwa kwa ajili ya boti za mfereji. Mwamba wa hapa ni laini na wenye mchanga, maadui wa Riquet walidai utaporomoka, na husimuliwa huko kwamba kazi iliposimamishwa alichimba kwa siri akawaonyesha handaki lililokwisha kutoboka. Njia ya baiskeli hupanda juu ya kilima. Shukeni, mteremke kwa miguu hadi mdomo wa handaki. Kisha fikirini kwamba chini ya kilima hikihiki kuna mahandaki mengine mawili. Moja ni la reli, la karne ya 19. Jingine ni la karne ya 13, lililochimbwa kutoa maji ya ziwa la Montady ili watu walime. Pandeni hadi Ensérune, magofu ya mji uliokuwapo kabla ya Warumi, mlitazame ziwa hilo la zamani kutoka juu: mashamba ya pembe tatu yote yanakutana katikati, yakifanya duara moja kubwa lenye miali. Hakuna picha niliyoiona inayolitendea haki.

Mwisho ni Fonserannes, ngazi ya malango iliyoshikana. Vyumba vinane vilijengwa mfululizo kuziteremsha boti mita 21.5, na maji ya chumba cha juu hujaza cha chini. Boti hupanda na kushuka kwa saa maalumu, kwa hiyo ulizeni ratiba siku moja kabla. Kutoka hapo mtavuka mto Orb juu ya daraja la mfereji la 1858. Kabla ya mwaka huo boti zililazimika kuingia mtoni zenyewe, na mto ukifurika zilisubiri au zilizama. Sanamu ya Riquet iko katikati ya Béziers, kwenye barabara yenye jina lake.

Kuhusu baiskeli, mwambie shemeji kwamba kwa milima haihitaji umeme, kwa maana milima hakuna. Kinachoweza kumfanya aishukuru betri ni upepo. Eneo hili lina pepo mbili zenye majina yao. Cers huvuma kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, na kwa kuwa mnaelekea mashariki, itawasukuma. Autan hutoka kusini-mashariki, ina nguvu zaidi upande wa Lauragais, eneo la kati ya Toulouse na Castelnaudary, inaweza kudumu siku kadhaa, na itawapiga usoni. Siku ya Autan kali, kilomita 20 zinaweza kumchosha mtu kama 40. Kwa upande mwingine baiskeli ya umeme ni nzito, mara nyingi zaidi ya kilo 22, na kuna stesheni ambako mtaibeba kwenye ngazi. Kwa umbali huu mfupi ningechukua ya kawaida. Ila kama moyo wake uko kwenye ya umeme, achukue, na abebe mifuko yote miwili. Ya kuepuka ni yeye kutangulia kwa kilomita 25 kwa saa, kikomo cha msaada wa mota huko Ulaya, na wewe ukabaki nyuma ukijilaumu. Anayekwenda polepole atangulie kila siku.

Lililo muhimu kuliko umeme ni matairi. Ombeni baiskeli ya safari yenye matairi mapana, milimita 40 au zaidi, na msijaze upepo hadi yawe magumu kama ya mashindano. Tandiko mlijaribu saa nzima kabla ya kuondoka na duka. Beba tyubu mbili za akiba, pampu, na vibandiko vya pancha. Maduka ya kukodisha yapo miji mikubwa, na baadhi hukuruhusu kuchukua baiskeli mji mmoja na kuirudisha mwingine. Ulizeni hilo kabla ya kulipa. Wapo pia wanaohamisha mizigo kutoka nyumba ya wageni hadi nyingine, na kwa njia yenye mizizi hiyo ni fedha iliyotumika vizuri.

Kwenye treni za mikoa, TER, baiskeli huingia nzima, ila nafasi ni chache, hivyo msipande treni ya jioni ya Ijumaa. Treni za kasi, TGV, zina masharti: ama treni iwe na nafasi za baiskeli na mlipie nafasi hiyo, ama baiskeli ifunguliwe na kuingizwa katika mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90.

Kwenye njia, waendao kwa miguu wana haki ya kwanza. Chini ya madaraja ya zamani njia hubana na kuinama karibu na maji, shukeni, msukume. Nje ya mji, usiku au ukungu ukitanda, sheria ya Ufaransa inataka kizibao cha kuakisi mwanga na taa. Mei jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hamtakuwa na sababu ya kuendesha gizani. Chavua na vinyweleo vya platani huwasha macho na koo wakati wa masika. Miwani husaidia, na mwenye pumu asisahau dawa.

Vijijini maduka hufungwa kuanzia saa sita na nusu hivi hadi saa tisa, mengi hayafunguki Jumapili mchana wala Jumatatu, na jiko la mgahawa likishafunga saa nane mchana halifunguki hadi jioni. Nunueni mkate, jibini na matunda kila asubuhi. Malangoni mara nyingine kuna bomba la maji, lakini si kila mahali, na maji ya mfereji si ya kunywa wala kuogelea.

Kama mtahitaji visa ya Schengen, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, pamoja na bima inayofikia angalau euro 30,000 na uthibitisho wa malazi. Hilo la malazi litawalazimu kupanga vituo mapema, na ni vizuri hivyo, maana Mei Ufaransa ina sikukuu za tarehe 1 na 8, na mara nyingi ile ya Kupaa pia, na wenyeji wengi huunganisha siku hizo na mwisho wa wiki wakaja mferejini. Anzeni kuagiza Le Somail, kwa kuwa vyumba vyake ni vichache, kisha Capestang na Homps. Castelnaudary, Carcassonne na Béziers zinaweza kusubiri wiki kadhaa.